Dawa Zimechafuka kwenye Dripu: Jinsi ya Kujua Chanzo na la Kufanya

Umefungua koki, dawa ya pili imeanza kuteremka, na ndani ya mrija kuna kitu cheupe ambacho hakikuwepo. Kabla ya kutafuta chanzo, funga. Bana mrija karibu kabisa na mgonjwa, simamisha pampu, na usisuuze. Hapo ndipo wengi huteleza. Mkono umeshazoea kwamba laini ikisumbua inasukumiwa salaini (maji ya chumvi), lakini salaini utakayosukuma sasa itabeba mashapo yote hadi kwenye mshipa, na kutoka hapo hadi kwenye mapafu. Chomoa mrija kwenye kanula (kijibomba kilichoingizwa mshipani), vuta nyuma kwa bomba tupu la sindano mpaka damu itoke kidogo, tupa ulichovuta, kisha unganisha mrija mpya. Kanula isiporudisha damu, iache, weka nyingine mahali pengine. Halafu mwangalie mgonjwa: anapumuaje, oksijeni ikoje, kifua kinambana, kuna wekundu au maumivu penye kanula? Daktari aarifiwe. Mfuko na mrija ulioharibika usivitupe kwanza, mfamasia atataka kuviona.

Yaliyo hapa chini yanahusu dawa zinazogombana zikiwa bado nje ya mwili: kwenye bomba, mfuko, mrija au koki. Dawa zinazoathiriana zikishaingia mwilini ni somo jingine. Utaratibu wa kituo chako na maelezo ya kiwanda yaliyomo ndani ya boksi ndiyo yenye kauli ya mwisho.

Ukungu, umaziwamaziwa au mashapo meupe

Cha kwanza kushuku ni pH, kipimo cha asidi na alkali: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali. Dawa nyingi za sindano haziyeyuki vizuri kwenye maji zikiwa katika umbo lake la asili, kwa hiyo kiwanda huzigeuza kuwa chumvi na kuzishikilia kwenye kiwango cha asidi au alkali kinachozifanya ziyeyuke. Ukiziondoa kwenye kiwango hicho, zinarudi kuwa unga. Lebo hukupa fununu: jina likifuatiwa na hidrokloridi au salfeti, dawa hiyo kwa kawaida iko upande wa asidi, likifuatana na sodiamu, mara nyingi iko upande wa alkali. Ni makadirio tu, na seftriaksoni ya sodiamu, ambayo pH yake haiko mbali na 7, inatosha kukukumbusha usiyaegemee mno.

Upande wa asidi utawakuta midazolamu, vankomaisini, siprofloksasini, dobutamini, metoklopramidi na ondansetroni. Upande wa alkali kuna fenitoini yenye pH karibu 12, asiklovia karibu 11, thiopentali kati ya 10 na 11, halafu fenobabitali, furosemidi, aminofilini, omeprazoli na sodiamu bikaboneti. Dawa ya kundi moja ikikutana na ya kundi la pili, chukulia kwamba zitagombana mpaka upate ushahidi kwamba zinapatana.

Chukua midazolamu na furosemidi, jozi inayokutana sana kwa wagonjwa mahututi. Midazolamu inakaa kwenye pH ya takriban 3, furosemidi kwenye 8 hadi 9. Midazolamu hutoka kwenye myeyuko pH ikipanda, furosemidi hutoka pH ikishuka, kwa hiyo hakuna upande unaonusurika. Zikigusana tu kwenye koki, unaona uzi mweupe unajikunja ndani ya plastiki. Ukimuuliza aliyekuwa zamu, atakuambia kwa haki kabisa kwamba hakuchanganya dawa yoyote. Midazolamu ilikuwa kwenye pampu, yeye alichoma furosemidi kupitia tundu la pili la koki ileile. Kilichosahaulika ni dawa iliyokuwa imelala ndani ya mrija. Mrija wenye ujazo wa mililita 2, pampu ikienda mililita 2 kwa saa, una dawa ya saa nzima. Kusimamisha pampu hakujaiondoa.

Na hapa kuna mtego wa pili. Ukisuuza mrija huo haraka ili kupisha furosemidi, mgonjwa anapata midazolamu ya saa nzima kwa sekunde chache. Kwa noradrenalini, dawa ya kupandisha shinikizo la damu, hali ni mbaya zaidi, shinikizo la damu litaruka mara moja. Ndiyo maana dawa zinazoendeshwa kwa pampu, hasa za kushikilia shinikizo la damu, zinastahili njia yake peke yake ambayo hakuna anayechoma kitu humo.

Ikiwa dawa ni moja tu na bado kuna ukungu, tuhuma inahamia kwenye maji uliyotumia kuizimua. Fenitoini ndiyo mfano wa darasani. Imeyeyushwa kwenye propilini glaikoli 40% na ethanoli 10%, na pH imepandishwa sana, vyote hivyo ili miligramu 50 zitulie kwenye mililita moja. Iweke kwenye dekstrosi 5% (maji ya sukari), ambayo ina asidi kidogo, na fuwele zinaanza kujitengeneza. Fenitoini ni ya salaini 0.9% peke yake, kupitia kichujio cha mrijani cha mikroni 0.22 hadi 0.55 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na laini inasuuzwa kwa salaini kabla na baada. Kama mgonjwa alikuwa kwenye dekstrosi, kuifunga dekstrosi hakutoshi, maana ile iliyobaki mrijani bado ipo.

Diazepamu inaumwa ugonjwa unaofanana. Nayo imeyeyushwa kwenye propilini glaikoli na ethanoli, na ukiiongezea maji kidogo ndani ya bomba inageuka maziwa papo hapo. Inatolewa bila kuzimuliwa, polepole, karibu kabisa na kanula, kwenye mshipa mkubwa.

Kisha kuna amfoterisini B, inayowapindua wote. Yenyewe huanguka kwenye salaini na inataka dekstrosi 5% tu, hata kwenye kusuuza. Mtu aliyefundishwa kwamba salaini ni salama kwa kila kitu ataiharibu dawa hii, iliyo adimu na ghali, kwa nia njema kabisa.

Mashapo na kuna kalsiamu mahali fulani

Hili nalitenga kwa sababu limeua. Seftriaksoni ikikutana na kalsiamu hutengeneza chumvi isiyoyeyuka, na watu husahau kwamba Ringer lakteti ina kalsiamu ndani yake. Kwa macho ya haraka ni maji ya dripu kama mengine. Kuna watoto wachanga waliofariki, na fuwele za seftriaksoni na kalsiamu zikakutwa kwenye mapafu na figo zao. Katika baadhi ya visa, dawa na kalsiamu zilikuwa zimetolewa kwa njia tofauti na kwa nyakati tofauti. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo, na mwaka 2009 ikalifafanua. Mtoto wa siku 28 au chini hapewi seftriaksoni ikiwa anahitaji, au anatarajiwa kuhitaji, maji ya mshipani yenye kalsiamu. Kwa walio zaidi ya umri huo vinaweza kufuatana, kimoja baada ya kingine, ilimradi laini isuuzwe vizuri katikati, lakini kamwe visiende kwa wakati mmoja kwenye laini moja. Wala seftriaksoni ya unga haiyeyushwi kwa Ringer kwa mgonjwa wa umri wowote.

Kalsiamu ina wagomvi wengine wawili. Bikaboneti ni wa kwanza: zikichanganyika unapata kalsiamu kaboneti, yaani chaki. Hutokea sana wakati wa kumfufua mgonjwa, kila mtu anakimbia, na ampuli zinapokezana kwenye kanula moja. Salaini ya mililita 10 hadi 20 katikati inatosha kuepusha hilo.

Wa pili ni fosfeti, kwenye mifuko ya lishe ya mshipani. Mwaka 1994 FDA ilitoa tahadhari baada ya vifo viwili vilivyohusishwa na mashapo ya kalsiamu fosfeti kwenye lishe hiyo. Tatizo lake lina ujanja. Vitu vingi huyeyuka zaidi kwenye joto, ila kalsiamu fosfeti huanguka zaidi joto likipanda, kwa hiyo mfuko uliotoka kwenye friji ukiwa safi unaweza kutoa mashapo ukiwa umening'inia wodini. Mfuko ukiwa na mafuta, weupe wa mafuta unayaficha mashapo yote. Anayeandaa huweka fosfeti mapema na kalsiamu karibu na mwisho, akichanganya kila hatua, na kalsiamu glukoneti hupendelewa kuliko kloridi kwa kuwa haiachilii kalsiamu yake kwa wepisi. Kwa mgonjwa, kichujio ni mikroni 0.2 kwa mfuko usio na mafuta, na 1.2 kwa wenye mafuta.

Mashapo kwenye kanula iliyokuwa imepumzika

Kanula haikuwa na dripu yoyote, umechoma jentamisini, ukungu umetokea. Uliza kama ilifungwa kwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Heparini ina chaji hasi nyingi na hujishika kwa dawa zenye chaji chanya: jentamisini, amikasini, vankomaisini. Suuza kwa salaini, choma dawa, suuza tena, ndipo urudishe heparini.

Inafanana na ugomvi, lakini siyo

Manitoli hutengeneza fuwele kwenye chupa ikipata baridi. Pasha chupa joto kwenye maji ya moto mpaka ziyeyuke zote, iache ipoe hadi joto la mwili, tumia mrija wenye kichujio. Zikigoma kuyeyuka, chupa hiyo haitumiki.

Artesuneti ya sindano nayo inatupwa bure mara nyingi, au inatumika ikiwa haifai. Kichupa cha miligramu 60 huanza na mililita 1 ya sodiamu bikaboneti 5% inayokuja nayo kwenye boksi. Bikaboneti ndiyo inayoigeuza asidi ya artesuniki kuwa chumvi inayoyeyuka. Tikisa mpaka maji yawe angavu kabisa. Ukungu wa dakika za mwanzo ni wa kawaida, ukungu unaobaki siyo. Baada ya hapo ndipo unaongeza mililita 5 za salaini au dekstrosi 5% kwa mshipa, au mililita 2 kwa msuli. Ukungu ukikataa kuondoka, chunguza kama mtu alianza na maji ya sindano badala ya bikaboneti. Myeyuko huo utupwe. Ulio mzuri utumike ndani ya saa moja.

Mapovu

Asidi na bikaboneti hutoa kaboni dioksidi. Kwenye artesuneti mapovu yanatarajiwa, unatoa gesi kwa sindano kabla ya kuongeza maji. Seftazidimi vilevile: unga wake una sodiamu kaboneti, kwa hiyo kichupa hufoka na kujaa shinikizo, na unasubiri mapovu yapande kabla ya kupima dozi, la sivyo utavuta hewa ukadhani ni dawa. Mapovu yasiyo ya kawaida ni yale yanayoonekana kwenye mfuko au mrija wenye bikaboneti baada ya kuongeza dawa nyingine. Hapo kuna dawa ya asidi inayoharibika, na mapovu yatafika kwenye laini.

Rangi imebadilika

Si kila rangi ni tatizo. Seftriaksoni huwa ya manjano hadi kahawia hafifu, rifampisini ni nyekundu, na dobutamini inaweza kuwa ya waridi hafifu bila kupoteza nguvu yake kwa kiasi kikubwa ndani ya muda wake wa matumizi.

Adrenalini na noradrenalini haziruhusiwi uhuru huo. Zikiwa waridi au kahawia zimeshaoksidika, tupa. Kama zimebadilika mapema kuliko kawaida, angalia kama zimepita mahali penye bikaboneti, maana alkali huziharibu kwa kasi. Usingoje rangi ndipo ushuku: nguvu huanza kupungua kabla jicho halijaona chochote. Mgonjwa ambaye shinikizo lake linashuka ingawa dozi inapandishwa, na bikaboneti inaingia kwenye laini hiyohiyo, anahitaji laini mpya kabla ya kupandishiwa dozi tena.

Omeprazoli ya mshipani inayogeuka kahawia au zambarau imekutana na asidi. Nitroprusaidi inakubalika ikiwa na ukahawia hafifu, na hufunikwa isipigwe na mwanga. Ikiwa bluu, kijani au nyekundu iliyokolea, ondoa.

Mafuta yamejitenga

Inahusu propofoli na lishe yenye mafuta. Utando kama wa malai juu, unaopotea ukigeuza mfuko taratibu, bado unarekebishika. Matone ya mafuta yanayong'aa au michirizi ya manjano hairekebishiki, na chanzo huwa asidi, kalsiamu au magnesiamu nyingi, au mtu aliyeongeza dawa kwenye chupa. Tupa.

Pampu inalia, laini imeziba

Kila mtu hufikiria damu iliyoganda. Jiulize pia ni dawa gani mbili zimepita hapo mara ya mwisho. Wanaotoa nusukaputi wanaijua jozi ya thiopentali na vekuroniamu au rokuroniamu: alkali kali inafuatwa mara moja na asidi, mashapo yanaziba kanula, na mgonjwa ameshalala bila dawa ya kulegeza misuli kumfikia. Salaini ya kutosha kati ya hizo mbili, au maji ya dripu yanayokwenda kwa kasi, ndiyo kinga.

Laini ya katikati (ile inayofika kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo) iliyoziba isilazimishwe kwa bomba dogo, shinikizo lake linaweza kuipasua. Mfamasia akijua dawa zilizopita anaweza kuchagua kiyeyushi kinachofaa: asidi hafifu kwa mashapo ya kalsiamu, bikaboneti kwa dawa iliyoanguka kwa sababu ya asidi, ethanoli kwa mafuta. Si kazi ya kubahatisha peke yako saa nane usiku. Ukiona mabonge kwenye mrija wa damu, angalia kilichounganishwa nao: Ringer lakteti huleta kalsiamu inayoishinda sitreti ya kuzuia kuganda, na dekstrosi huvunja chembe nyekundu. Damu inaenda na salaini tu.

Maji ni angavu, mgonjwa haponi

Kwa maoni yangu hapa ndipo pa kutumia muda mwingi zaidi, na ndipo tunapotumia mchache. Mashapo yanajitangaza, kuna dawa zinazokufa kimya.

Jentamisini na penisilini zinaandikwa pamoja kila siku, na zinasaidiana vizuri zikiwa mwilini. Kwenye mfuko mmoja au bomba moja, pete ya beta-laktamu, sehemu ya molekuli ya penisilini, inajishika kwa jentamisini na kuiua. Hakuna ukungu, rangi wala povu. Amikasini inavumilia zaidi, lakini kanuni ni ileile: kila moja na wakati wake, salaini katikati. Anayezivuta kwenye bomba moja kumpunguzia mtoto michomo amempunguzia na dawa.

Ampisilini inaoza haraka ndani ya dekstrosi, hivyo itumie na salaini, na uitoe mara tu baada ya kuiyeyusha, ndani ya saa moja. Dozi ya alasiri iliyoandaliwa asubuhi "ili kuokoa muda" inaonekana sawasawa na ilivyokuwa asubuhi.

Insulini hujishika kwenye plastiki ya mfuko na mrija. Sukari inakataa kushuka saa za mwanzo, dozi inapandishwa, kisha plastiki inashiba na sukari inaporomoka. Pitisha mililita 20 za mchanganyiko kwenye mrija na uzimwage kabla ya kumuunganisha mgonjwa. Nitrogliserini nayo hunywewa na plastiki ya PVC, na huhitaji chupa ya glasi au mfuko na mrija wa poliethilini. Ukibadilisha aina ya mrija katikati ya tiba, dozi iliyokuwa ikimtosha mgonjwa inaweza kuwa kubwa mno ghafla.

Hata pale chembe zipo, jicho lina mipaka. Bila msaada huona chembe za takriban mikroni 50 na kuendelea, wakati mishipa midogo kabisa ya mapafu ina upana wa mikroni 5 hadi 10. Kuangalia maji mbele ya taa, kwanza kwenye kitu cheusi halafu kwenye cheupe, ni desturi nzuri ya kukataa mchanganyiko mbaya. Haikupi ruhusa ya kuukubali.

Kusoma jedwali la upatanifu bila kudanganyika

Jedwali likisema dawa mbili zinapatana kwenye kiungo cha Y (mahali mirija miwili inapoungana), limezungumzia kugusana kwa dakika chache karibu na mgonjwa. Halijasema zikae mfuko mmoja kwa saa 24. Angalia pia kiwango cha kila dawa na maji yaliyotumika kwenye jaribio, kwa kuwa jozi iliyopatana ikiwa imezimuliwa sana inaweza kuanguka ukiitoa nzito kwa pampu ya sindano. Dawa tatu kwenye koki moja haziwi salama kwa sababu kila jozi ilipita peke yake. Mahali ambapo jedwali ni tupu, pasome kama "hapana".

Mgonjwa akiwa na njia mbili tu na dawa sita, zipange kwa pH kwanza: za asidi zishirikiane na za asidi ambazo jedwali linaziruhusu, za alkali kila moja na muda wake. Ya kushikilia shinikizo ipate njia yake. Zinazoweza kupitia mdomoni au puani zihamishwe. Na tatizo likishatokea, andika kwenye faili jina la kila dawa, kiwango chake, maji iliyozimuliwa nayo, namba ya toleo, mpangilio wa koki, na dakika ngapi zilipita kabla ukungu haujaonekana. "Dripu ilichafuka, ikabadilishwa" haimwachii mfamasia chochote cha kufanyia kazi.